Klachi Mara Mbili

Jumapili, 2 Machi 2025

Mvua imeanza leo, tena kwa hasira. Tumetoka kanisani tumelowa chapachapa. Daftari hili naanza kuliandika kwa sababu Lutufyo, mume wangu, ni mwalimu na amechoka kunisikiliza. Anasema, "Hayo mambo ya injini andika, mimi nitasahihisha." Hatasahihisha kitu. Nalifungia kwenye sanduku la spana.

Mimi ni Tupokigwe, fundi wa magari, Msasani hapa Tukuyu. Kwenye bango la gereji nimeandika TUPO, na wapita njia wanadhani ni tangazo kwamba tumefungua. Sawa tu, wanaingia. Mafundi wa magari ya kisasa mjini ni wengi, wale wa kuchomeka kompyuta. Mimi ni wa magari ya zamani. Nikiwa naosha vyombo nasikia gari linapanda kutoka Kyela, namwambia Lutufyo: hilo ni Bedford, hilo Peugeot 504, hiyo ni Datsun na ekzosi yake imetoboka. Yeye anachungulia dirishani kuhakikisha. Sijawahi kukosa. Siku nitakayokosa nitaandika hapa.

Jumapili, 9 Machi

Tumeshinda Mpuguso kwa wakwe zangu. Wanasema Landrova ya mzee inakufa. Shemeji yangu Anyelwisye, mdogo wake Lutufyo, ndiye anayeiendesha siku hizi. Anabeba ndizi, anakwenda Isongole kufuata viazi. Leo imemgomea kwenye kilima cha nyumbani, haina mzigo wowote. Na kila akiingiza gia ya pili inasaga, mpaka majirani wanatoka nje kutazama.

Mzee aliiendesha miaka mingi kwenye mashamba ya chai. Walipoiuza akainunua, wakastaafu pamoja. Imebeba wajawazito, maharusi na majeneza ya kata nzima. Sasa goti lake la kushoto halikunji vizuri, na hilo ndilo goti la klachi.

Leo pia nimemkuta mgeni anaizunguka kwa mwavuli, kaka mmoja anaitwa Jackson, katoka Arusha. Anakusanya Landrova za zamani na kuzitengeneza kwa ajili ya kutembeza watalii. Ana adabu na anajua anachokitazama. Hilo ndilo limenitia wasiwasi.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze. Siku hizi wakwe wengi wanakula meza moja na wake za watoto wao. Nyumba hii hapana. Hapa tunafuata kutila, ile heshima ya zamani ya mkamwana kwa baba mkwe. Simtazami usoni, siongei naye, siingii chumba alichomo. Yeye akija hukohoa kwanza, mimi napisha. Jina lake silitamki, wala neno lenye maana hiyo. Anaitwa Gwamaka. Naliandika mara moja tu, daftari halina masikio. Maana yake ni mwenye nguvu. Kwa hiyo mimi, fundi wa injini, nikifika Mpuguso neno nguvu sina. Mama mkwe wangu, Mama Lutufyo, ananisikiliza kama mlinzi wa zamu.

Sichukii. Mzee hajanikosea hata siku moja. Ila Lutufyo anasema siku alipoambiwa mchumba ni fundi wa magari alikohoa mpaka akaletewa maji.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Breki za Toyota Stout. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeikagua Landrova ya mzee.

Nilianza kwa kuitambua. Watu wanasema Landrova ni Landrova, na hapo ndipo wanapoibiwa. Kuna za petroli na za dizeli, kuna za silinda nne na za sita, na zile zilizofanya kazi mashambani zimebadilishiwa vitu tumboni mara nyingi. Kile kibati cha karibu na dashibodi kinakwambia gari lilizaliwaje. Hakikwambii leo lina nini. Ukitaka ukweli unafungua boneti, unainama upande wa kushoto, kwa mbele, pale ekzosi inapoungana na injini, na unasugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Nimesugua mpaka namba zikatoka. Petroli, silinda nne, lita mbili na robo, ileile iliyokuja na gari. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu ugenini.

Anyelwisye akaiwasha. Hakuna moshi wa bluu, hakuna kugonga chini. Pointi za distribyuta zimeungua, cheche inachelewa, na tapeti zimebanwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kazi ya siku mbili. Kwa lugha ya gereji: injini nzima, imepungukiwa nguvu tu.

Nikanawa, nikaenda mlango wa jikoni kutoa taarifa. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi. Mzee yupo sebuleni, anasikiliza.

"Haya mkamwana," Mama Lutufyo akauliza, "gali lina nini?"

Neno lilinifika mdomoni. Yeye akanitazama. Nikalimeza.

"Injini imechoka kidogo, mama. Itapona."

"Imechoka," akarudia kwa sauti ya kuvuka ukuta.

Mzee hakukohoa tena.

Jumanne, 18 Machi

Mvua na ukungu. Mlima Rungwe hatujauona wiki nzima. Nimeagiza pointi kutoka Mbeya.

Jumamosi, 22 Machi

Lutufyo amerudi kutoka kwao uso umemshuka. Mzee amempigia simu Jackson. Maneno yake, kama Lutufyo alivyoyasikia: "Fundi wa nyumba amesema injini imechoka. Na hata ingekuwa nzima, nyumba yangu haina dereva. Njoo ulichukue." Wamekubaliana siku ya sikukuu ya Muungano, Jumamosi baada ya Pasaka.

Nilikaa chini palepale kwenye tairi. Mpuguso ukisema kitu kimechoka maana yake kitupwe. Nalijua hilo, nimeishi nao miaka yote hii, na bado nimelisema.

"Si ungesema tu haina nguvu?" Lutufyo akaniuliza.

"Mbele ya mama yako? Na baba yako nyuma ya ukuta?"

Akacheka, kisha akaacha. Amekwisha kujaribu kumweleza mzee kwamba sikumaanisha hivyo. Mzee alimjibu, "Nilichosikia ni kauli ya fundi. Wewe ni mwalimu." Kisha akamuuliza, "Ikipona ataendesha nani? Anyelwisye?"

Inaniuma, na haiumi kwa sababu ya kazi peke yake. Siku ya harusi nililetwa Mpuguso na Landrova hiyohiyo. Hapakuwa na dereva mwingine, kwa hiyo mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi, nimefunikwa kanga, nimempa mgongo. Sikumwona. Nilisikia gari linapanda kilima, gia zinaingia bila kelele hata moja, nikawaza, huyu ana mguu mzuri. Hiyo ndiyo salamu pekee niliyowahi kupata kutoka kwake, na mimi ndiye niliyesababisha gari liuzwe. Haliondoki. Nimeshasema.

Jumamosi, 29 Machi

Pointi mpya, cheche mahali pake, tapeti zimepimwa moja moja injini ikiwa baridi. Nimeiwasha, ikaitika mara ya kwanza. Anyelwisye amepanda nayo kilima na ndizi nyuma, na injini haikulalamika. Mama Lutufyo amekuja mpaka bandani kunong'ona, "Mzee amefungua dilisha asikilize." Hakutuma neno.

Gia ya pili bado inasaga vilevile.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeamua. Ndani ya gia boksi kuna vipete vya shaba vinavyotuliza gia mbili ili ziingiane bila kugombana. Vya gia ya pili vimekwisha. Gari la aina hii linavyo kwenye gia zote nne za mbele, kwa hiyo likisaga ni vipete. Hapo sina shaka. Nimeagiza seti nzima, nitashusha gia boksi mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Mvua ilituwahi kabla ya mahubiri, mapaa ya bati yakahubiri badala ya mchungaji.

Jumatano, 16 Aprili

Vipete vimefika kutoka Dar. Vizuri, vinang'aa. Nimemwambia Anyelwisye tunashusha gia boksi Jumanne.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wali, kuku, ndizi. Jackson amempigia mzee kumtakia sikukuu njema. Niliosha vyombo kwa kelele.

Jumanne, 22 Aprili

Leo naandika mpaka kalamu iishe.

Tuliinua Landrova bandani, magurudumu ya nyuma yakabaki hewani juu ya magogo ya mkaratusi, ya mbele tukayawekea mawe. Anyelwisye akaenda barabarani kufuata watu wa kutusaidia kubeba gia boksi. Mama Lutufyo alikuwa shambani anachuma chai. Nikavua ndala zangu pale mlangoni pa dereva, maana zilikuwa tope tupu, nikajitelezesha chini ya gari na tochi.

Nikasikia fimbo na hatua ya mtu anayeburuta mguu. Sikusikia kikohozi. Mlango wa dereva ukafunguliwa, gari likainama upande wa kulia, na kabla sijajua nifanye nini injini ikawaka.

Ningefanya nini? Kumwita siwezi. Kutoka na kusimama mbele ya uso wake siwezi. Ningeweza kugonga chuma kwa spana, ila mzee alikuwa amelijia gari lake kuliaga, niliona ni aibu kumfukuza. Nikajibana kwenye matope, kichwa mbali na ile shafti ndefu ya kupeleka mwendo nyuma, nikatulia.

Akaanza kuliendesha gari lisilokwenda popote. Mkono wa klachi, kile chuma kinachosogea dereva akikanyaga pedali, uko juu yangu, nauona. Ukasogea, gia ya kwanza ikaingia, shafti ikaanza kuzunguka karibu na pua yangu. Kisha kwenda ya pili. Mkono wa klachi ukasogea, ukarudi. Ukasogea tena, ukarudi. Gia ya pili ikaingia kimya. Nilidhani nimeota. Ya tatu, hivyohivyo. Ya nne. Kisha akaanza kushuka: anakanyaga, anatoa gia, anaachia, anaipa injini mafuta kidogo mpaka ivume, anakanyaga tena, anaingiza. Kimya. Mara mbili kila gia. Juu nasikia akiguna, maana kila mara goti lile lilikuwa linamkata. Alipanda na kushuka gia zote, akarudia, akarudia tena. Halafu akazima, akakaa kidogo, akaondoka na fimbo yake.

Nikageuza tochi. Silinda ndogo inayosukuma klachi imefungwa pembeni, kwenye kipande chake cha chuma. Kwenye gari la umri huu ilitakiwa iwe imefungwa kwenye gia boksi lenyewe. Wiki zote hizi nilikuwa naitazama bila kuiona. Nikasugua tope, nikasoma namba kwenye gamba la gia boksi. Ni gia boksi la Landrova ya zamani zaidi, lilifungwa humu huko mashambani, na hayo ya zamani hayana vipete kwenye gia ya kwanza wala ya pili. Halijafa. Halijaumwa. Mimi nimeagiza kutoka Dar vipete vya mahali ambapo havijawahi kuwepo. Linachotaka ni dereva anayekanyaga klachi mara mbili, na kina Anyelwisye wamejifunzia kwenye magari yanayosamehe kila kitu.

Kwa hiyo nimekosa. Niliahidi nitaandika, nimeandika.

Nililia kidogo kule chini. Nilipotoka nikamwambia Anyelwisye na wenzake washushe gari, gia boksi linabaki.

"Sasa tutafanyaje, shemeji?"

"Mimi najifunza kuendesha."

"Si unajua?"

"Nilidhani."

Jumatano, 23 Aprili

Nimefanya mazoezi kwenye njia ya mashamba ya chai. Nimesaga vibaya sana. Mama Lutufyo anasema mzee amefunga dirisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Kupanda naweza. Kushuka kutoka ya pili kwenda ya kwanza bado nasaga. Dirisha limefunguliwa nusu.

Ijumaa, 25 Aprili

Dirisha wazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jackson alifika na lori la kubebea Landrova, likaishia barabarani kule juu, kilima cha nyumbani kilikuwa kimegeuka uji. Ilibidi Landrova ipande yenyewe. Mzee alikaa barazani kwenye kiti chake, amegeukia ukuta. Sijui kama alikuwa ananipa heshima mimi au hakutaka kuiona ikiondoka.

Anyelwisye akapanda nayo. Ikasaga, ikateleza, ikasimama katikati ya kilima, kando ya migomba.

"Hamna shida, mzee," Jackson akasema kwa upole. "Tutaivuta kwa kamba."

"Vuteni," mzee akasema ukutani.

Nilikuwa mlango wa jikoni. Lutufyo alinitazama, akaniachia njia. Nikapanda kwenye matope mpaka kwenye gari.

"Shuka," nikamwambia Anyelwisye.

"Shemeji, inateleza."

"Shuka."

Nikairudisha mpaka chini uani, nikaweka magurudumu yote manne kazini. Gia ya kwanza. Mara mbili, ya pili. Ikaingia kimya, tope likaruka, tukapanda. Pale kwenye migomba, pale iliposimama, ikaanza kukata pumzi, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani, kushuka kwenda ya kwanza gari likiwa linatembea. Kanyaga, toa, achia, mpe mafuta, kanyaga, ingiza. Hata mimi sikusikia gia ikiingia. Nilisikia mvua tu. Ikapanda mpaka juu, ikasimama nyuma ya lori la Jackson, mzima wa afya.

Nikashuka. Jackson alikuwa anakuja nyuma yangu, viatu mkononi. Nikasema naye yeye, ila uso niliuelekeza bondeni na sauti niliitoa yote.

"Kaka Jackson! Hili gari lina nguvu! Na madereva tupo!"

Mama Lutufyo akashika mdomo kwa mikono miwili. Lutufyo akainamisha kichwa, najua alikuwa anacheka. Neno nilikuwa nimelisema, limekwenda, halirudi, na sikujuta hata kidogo.

Kisha mzee akainuka. Alichukua muda mrefu kupanda kile kilima, fimbo mkono mmoja, Lutufyo mkono mwingine. Mimi niliingia garini, nikakaa kwenye usukani, macho mbele. Karibu na gari akakohoa. Sikuwa na pa kupisha.

"Nilikwambia nini, mwanangu?" nikamsikia akimuuliza Jackson.

"Ulisema nyumba yako haina dereva, mzee."

"Basi sikuwa na habali kamili. Umesafili mbali kwa kosa langu. Shuka nyumbani ule kwanza."

Jackson akagusa boneti. "Ningeitunza vizuri," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nilikuita wewe. Ndaga fijo, asante sana."

"Basi ikikosa dereva tena, nipigie."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nikasikia fimbo ikilazwa sakafuni, na benchi likalia.

"Mwe, jamani!" Mama Lutufyo akapaza sauti. "Mkamwana na mkwe, gali moja?"

"Nimempa mgongo," mzee akasema.

Mimi mbele nikitazama barabara, yeye nyuma akitazama tulikotoka. Kisha akagonga bati kwa kiganja, mara mbili. Nikakanyaga klachi. Tukaenda mpaka sokoni na kurudi, hatukusemezana neno, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo.

Jumapili, 4 Mei

Nimempeleka mzee kanisani, yeye nyuma, mimi mbele. Mvua inapungua. Rungwe imejitokeza asubuhi.

Mchana nilikuwa jikoni namenya ndizi. Mama Lutufyo akaja na ujumbe.

"Baba yenu anasema, ndala usizivulie mlangoni pa gali. Siku ile nusula azikanyage."

Kisu kikasimama. "Siku gani, mama?"

"Mimi sijui. Siku mliyoinua gali, labda. Anasema aliona ndala, akapita pembeni."

Nilikumbuka fimbo, hatua, na kikohozi ambacho hakikuja. Nilikumbuka lile goti, na jinsi alivyorudia gia zote, na kurudia tena. Nilishika kazi ya ndizi ili nisilie mbele ya mama mkwe.

"Na anasema tena," akaendelea, "mwambie deleva wangu, gia ya tatu anachelewa."

Sichelewi. Pale karibu na kanisa kuna kona, nilisubiri ipite ndipo niiingize, dereva yeyote angefanya hivyo. Kumjibu siwezi, ndiyo maana naandika hapa. Jumapili ijayo nitaiingiza kabla ya kona, asikie.